Bamvua Miguuni mwa Arvilla

Alhamisi asubuhi Darcy Comeau, mhudumu wa gari la wagonjwa, alivua viatu mlangoni kwa Arvilla Titus, akaenda moja kwa moja kufungua friji kabla hata ya kusalimu. Alikuwa anatafuta chumvi, ambayo Arvilla alikatazwa. Zamani kazi yake ilikuwa kukaa kituoni kungoja kisiwa kiugue. Siku hizi alitumwa majumbani kabla watu hawajazidiwa, na hilo lilikuwa limemfanya mpekuzi kuliko mawifi watatu.

"Humo hamna mwanamume, usihangaike," Arvilla akamwambia.

"Angekuwa mwanamume ningemwacha, Mama Arvilla. Natafuta ng'onda, samaki wako wa chumvi."

Kisha akapiga goti, akambonyeza kifundo cha mguu kwa kidole gumba, akatazama kama shimo litabaki. Moyo wa Arvilla ulikuwa umechoka kusukuma, kwa hiyo Ghuba ya Fundy, bahari iliyokizunguka kisiwa, ilimwingia. Maji yakijaa ufukweni, yalijaa na miguuni. Yakipwa, yalikupwa, ila kila mara yalibakiza kidogo, kama mgeni anayesahau mwavuli makusudi. Darcy alimpa kidonge, akamwekea beseni, na maji yakamtoka kwenye vidole pamoja na vidagaa vya heringi viwili vitatu. Mzee Guptill wa nyumba ya chini yeye alitoa kaa, lakini Guptill siku zote alipenda makuu.

Halafu chai. Presha ilipimwa mara mbili, maana mara ya kwanza Arvilla alikuwa anaeleza nani kagombana na nani kanisani, na yeye haelezi ugomvi kwa sauti ndogo.

Mpango huo wa kutembelea watu majumbani ulifaa, hilo halina ubishi. Gari la wagonjwa, lililokuwa likipanda kivuko kila mara kumkimbiza mtu bara, sasa lilikaa hadi buibui wakalitandia utando. Wakubwa wa ofisi walivuka kutoka bara, wakakata keki katika jumba la zimamoto, wakapiga makofi. Arvilla, aliyekuwa amekauka miguu mpaka soksi zinampwaya, alipewa kiti cha mbele.

Wiki hiyohiyo Darcy alikoroga chai yake muda mrefu, na haikuwa na sukari.

"Umepona, Mama Arvilla. Wakubwa wanasema zamu yako apewe mgonjwa."

"Mgonjwa gani huyo?"

"Wa kisiwa cha pili."

"Na mimi?"

"Utapigiwa simu."

Watoto wake walikuwa Alberta, upande wa pili wa nchi, na wao pia walikuwa watu wa kupiga simu. Mumewe alikuwa karibu zaidi, pale makaburini, lakini yule hakuwa msemaji hata alipokuwa hai.

Arvilla hakulia. Alipanda ngazi, akachomoa chini ya godoro mfuko wa mwani mwekundu uliokaushwa, ule ambao kisiwani hutafunwa kama pipi, wenye chumvi ya kukunja ulimi. Akautafuna akitazama barabara. Bamvua ilipofika, yale maji makuu ya mwezi mpevu, maji yalikuwa magotini na heringi wamenenepa. Akapiga simu ya dharura, kisha akapaka rangi ya mdomo.

Darcy alimkuta kibarazani. Akamnusa.

"Umekula mwani."

"Nimeonja."

"Mfuko mzima?"

"Ladha ilikuwa chini kabisa."

Hakucheka. Aliketi sakafuni karibu na beseni. "Sikiliza, Mama. Nikisema unaumwa, watasema umeshindwa kukaa peke yako. Utavushwa bara, kwenye nyumba ya wazee, na hapa hurudi. Nikisema u mzima, siruhusiwi kuja."

"Basi sema sina wa kuongea naye."

"Hilo nalijua. Sina dawa yake garini."

Akamkausha miguu, akabeba mfuko na ndoo ya heringi, akaripoti kwamba ni mzima, kwa sababu alimpenda. Mlangoni alifunga kamba za viatu, akazifungua, akazifunga tena. Redio ya gari ikamwita, akaenda.

Maji yalirudi hata bila chembe ya chumvi. Yalipanda mapajani, na Arvilla akapanua sketi. Alhamisi moja, bamvua ikiwa imefika kiunoni na samaki wanampiga vikumbo mbavuni kwa ndani, simu ikalia. Ilikuwa mashine, yenye sauti ya mwanamke aliyelelewa vizuri. Kama miguu yako imevimba, bonyeza moja. Kama u mzima, bonyeza mbili.

Arvilla akaisimulia habari za kisiwa, moja moja, pamoja na ule ugomvi mpya wa kwaya. Mashine ikasema haikuelewa, ikarudia swali. Akabonyeza mbili. Ikamshukuru, ikamtakia siku njema.

Akabaki na simu sikioni mpaka maji yalipoanza kupwa, isije ikawa yule mwanamke amesahau kumuuliza jambo.