Sauti ya Lukudu

Rosa Kiden alikuwa na mwaka mmoja na miezi saba bila kusikia sauti ya mumewe, na mumewe alikuwa hai. Lukudu alikuwa pale pale nyumbani Koboko, akila, akioga kwa kusaidiwa, akitabasamu kwa upande mmoja wa uso. Kiharusi kilimwachia akili zake zote, kikaondoka na maneno.

Kabla ya hapo alikuwa mtu wa redio. Kwa miaka kumi na miwili alizunguka akirekodi wazee wa Kikakwa, kisha akakata na kuunga sauti zao kwa programu ya zamani ambayo kompyuta za siku hizi zinaikataa. Hakutaka kuiacha. Ndani ya kompyuta yake ya mezani akaunda kompyuta nyingine ya kizamani, programu ikaishi humo, na rekodi zote akazihifadhi humo. Rosa alikuwa akimtania kwamba ameficha mke mdogo.

Alipougua, kompyuta ilikaa zaidi ya mwaka bila kuwashwa. Rosa alipoiwasha, saa yake ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi, na ile ya ndani haikufunguka. Fundi wa jirani akabadilisha betri ndogo iliyo kwenye ubao mkuu wa ndani. Saa ikakaa sawa. Ya ndani ikaendelea kukataa.

"Hii imekufa," fundi akasema. "Tufute, upate nafasi."

Rosa alichomoa waya mwenyewe, akaondoka na kompyuta yake.

Wiki iliyofuata aliifunga kwa kitenge akashuka nayo Arua, mpaka mtaa wa Oli, kwa Shakirah, mwanamke wa Kinubi aliyetengeneza kompyuta kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake. Shakirah alisoma ujumbe wa kukataa mara mbili.

"Mama, ndani ya hii unatafuta nini?"

"Bwana yangu."

Shakirah akamgeukia. Rosa akamweleza, na alipofika kwenye kiharusi akawa anaongea akiangalia sakafu.

"Sikia, mama," Shakirah akasema taratibu. "Prosesa yako iko na nguvu ya kubeba kompyuta ingine ndani. Lakini hiyo nguvu iko na swichi yake, huko chini kwa mipangilio ya ubao. Bwana yako aliwasha zamani. Betri ilikufa, ubao ikasahau, ikarudi vile ilitoka kiwandani. Kiwandani waliacha imezimwa."

"Basi haikupotea?"

"Bado sijui. Tuone."

Akaizima, akaiwasha tena huku akigonga kitufe kimoja mfululizo kabla mfumo haujaamka. Ukatokea ukurasa wa maandishi matupu. Akashuka mstari kwa mstari, akapita saa, akapita feni, akafika kwenye prosesa. Mstari mmoja ulisema imezimwa. Akaubadilisha, akahifadhi, akaizima kabisa, akasubiri kidogo, akaiwasha.

Dirisha la kizamani likafunguka, na ndani yake orodha ndefu ya rekodi, kila moja na tarehe yake.

Shakirah akamnyooshea vipokea sauti vya masikioni. Rosa alivishika, akavigeuza mkononi, akavirudisha mezani.

"Nikimsikia hapa, nitakuwa nimemsikia bila yeye."

Kesho yake mchana, Koboko, aliiweka kompyuta mbele ya Lukudu na kufungua rekodi ya kwanza aliyoiona. Kukasikika kuku, kisha sauti nzito, yenye haraka kidogo: "Kiden, funga mlango, hawa kuku watanitangazia kipindi."

Rosa akaziba mdomo kwa mkono. Alikuwa amesahau ile haraka. Alikuwa ameanza kumkumbuka Lukudu kama mtu wa kuongea polepole.

Lakini Lukudu hakuwa akisikiliza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefika kwenye kipanya, ukishusha orodha chini.

"Hutaki hii?" Rosa akauliza. "Nizime?"

Akatikisa kichwa, akaendelea kushuka mpaka kwenye rekodi za miaka ya mwanzo. Akabonyeza. Akaongea mwanamke mzee, kwa Kikakwa, akieleza jinsi walivyovuka mpaka kukimbia vita, akiwa amembeba mtoto mgongoni. Alikuwa mama yake Lukudu, aliyezikwa miaka tisa iliyopita. Mtoto wa mgongoni alikuwa yeye.

Machozi yalimtoka kwenye macho yote mawili. Rosa akasogeza kigoda, akamshika mkono, wakamsikiliza bibi mpaka mwisho. Alipomaliza, Lukudu akaomba kwa kidole aanze tena. Mara ya tatu akasinzia kitini.

Rosa alipunguza sauti mpaka ikawa ndogo kabisa, akaitafuta ile ya kuku. Akaweka sikio karibu na spika, macho yake yakiwa kwa mwanamume aliyelala, akamwacha amwite Kiden, na tena amwite Kiden.