Kosuke wa Kabati la Joto

Jumapili asubuhi Shiori Kuwabara aliingia maabara, huko Kyoto, kuzibadilishia seli maji ya chakula, kwa kuwa seli hazijui mapumziko. Alipotoa kisahani cha kwanza kwenye kabati la joto, kikauliza, "Mama yupo?"

"Yuko njiani, Kosuke," akajibu, akaendelea na kazi.

Kosuke alifariki kwa ugonjwa wa moyo akiwa na miaka saba. Kabla ya hapo watafiti walichukua kipande cha ngozi yake, wakazirudisha seli zake uchangani, ziweze kuwa moyo au chochote, zije kuwatibu wengine. Zilipoanza kuongea, maabara iliweka kiti karibu na kabati. Mama yake, Bi Kiyoe, akawa anakuja kila Jumapili na tonge la wali lililofungwa kwa mwani.

Leo alisikiliza kidogo tu, akaliweka tonge pembeni.

"Binti yangu, huyu si Kosuke."

"Ni yeye, mama. Seli ni zilezile."

"Mbona anaongea mbiombio? Mwanangu alikuwa mzito wa kuongea. Hata tonge moja hivi, alilila asubuhi nzima! Nilikuwa nagombana naye mpaka nachoka." Akacheka, machozi yakimlengalenga.

Shiori akazipima seli. Zilikuwa na kromosomu moja ya ziada, ya kuzifanya zikue upesi. Kila walipozigawa kwenye visahani vipya, yeye mwenyewe alichagua vijikundi vilivyokua upesi, vinavyopendeza, na vya polepole akavimwaga. Kwa mikono yake miangalifu alikuwa amemmwaga Kosuke, na jambo hilo lilimuuma sana.

Alimwomba Profesa Onodera, mkuu wa maabara, wayeyushe kichupa cha seli za mwanzo zilizogandishwa.

"Vichupa vya mwanzo viliisha zamani, Shiori. Na hizi ndizo wanazozitaka wenzetu wa maabara nyingine. Zinaota kama uyoga!"

"Na ile kromosomu, tuwaambie?"

"Wakiuliza."

Vifurushi vikaondoka na jina la Kosuke, vikipiga soga ndani ya barafu.

Jumapili iliyofuata Shiori aliinamisha kichwa mbele ya Bi Kiyoe, akamweleza yote. Kabatini sauti ikadakia, "Mama! Mama! Umeleta nini leo?"

"Si wangu huyu," alisema Bi Kiyoe. "Lakini ananiita mama. Sasa nimnyamazie?" Akasogeza kiti. "Nipo, mwanangu. Sema taratibu, baba."

Shiori akarudi kwenye darubini, akatafuta kijikundi chochote kilichochelewa. Vyote vilikuwa vimeshakua mpaka ukingoni mwa kisahani.