Sogea Kidogo, Baba

Bibi Pan-rye alikuwa na miguu isiyosikia moto. Ugonjwa wa sukari ulikuwa umemla hisia, na majira ya baridi yaliyopita alilalia sakafu ya moto, akaamka kidole cha mguu kimeiva. Daktari alikiokoa kwa mbinde. Ndiyo maana bintiye, Geum-hui, alifunga safari kutoka Seoul hadi Jecheon na neno moja tu mdomoni: kile kidude cha zamani cha ukutani, kinachoongoza joto la sakafu, kiondoke.

Fundi Tak alileta viwili wachague.

"Hiki kinapima hewa, kama kile cha zamani," alisema. "Mkiacha mlango wazi kinadhani kuna baridi, kinaamrisha boila iwake na kupitisha maji ya moto chini, na sakafu inageuka kikaango. Hiki kingine kina waya unaofukiwa chini. Sakafu ikifika digrii thelathini na tatu, kinazima boila."

"Hicho cha waya," Geum-hui akakata shauri.

"Niufukie wapi?"

"Popote, ila si pale," Bibi akasema. Alionyesha ile kona yenye joto kuliko zote, ambako karatasi iliyobandikwa sakafuni ilikuwa imegeuka kahawia kwa kuungua miaka mingi. Palitandikwa blanketi, na chini yake bakuli la shaba lenye wali, lisipoe. "Pale ni pa Baba Geum-hui."

Baba Geum-hui alikuwa na mwaka wa tatu kaburini.

"Mama, hapo ndipo ulipoungulia! Fundi, weka hapo hapo."

"Haya," Bibi akasema. "Msije mkasema sikuwaambia."

Geum-hui alikuwa bingwa wa kupanga mambo, na watu wa namna hiyo, kwa kweli, wana masikio ya pambo tu.

Kesho yake theluji ilianguka tangu asubuhi, na boila haikuwaka. Kidude kilionyesha thelathini na sita, huku chumba kizima kikiwa baridi kama kisima. Fundi akaitwa. Akabadilisha waya, akaondoa blanketi na bakuli. Thelathini na sita. Akapiga magoti, akapapasa ile kona kwa kiganja, polepole, kisha akauvuta mkono kwa ghafla.

"Dada, waya ni mzima," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini joto la sakafu halina mabega. Hili lina mabega, lina nyonga, na magoti yamekunjwa."

Geum-hui akapapasa mwenyewe. Kiganja chake kikapita juu ya bega.

"Kuuhamisha waya ni kuvunja sakafu upya, si kazi ya leo. Nikurudishie kile cha hewa?" fundi akauliza.

Bibi alikuwa amejikunyata ukutani, midomo imekuwa ya bluu. Kurudisha cha hewa ni kuutoa mguu wake kafara. Kuacha hivi ni kumwacha agande. Geum-hui akaitazama ile kona tupu. Siku ya mazishi alihangaika na wageni na supu. Kwa baba yake hakusema hata neno la kwaheri.

"Baba," akasema. "Sogea kidogo. Mama anaganda."

Thelathini na sita ikawa thelathini na nne, kisha ishirini na tisa. Jikoni boila ikakohoa, ikawaka. Fundi Tak alikusanya vifaa vyake akatoka bila kungoja chai, kiatu kimoja kimevaliwa nusu.

"Umeona?" Bibi akasema. "Si mbishi yule, anataka kuombwa tu. Wewe ulikuja kumfukuza."

"Sikumfukuza, Mama."

"Basi mkaribishe ale. Wali unapoa."

Geum-hui alitaka kuinuka alifuate bakuli. Hapo ndipo alipoisikia sakafu. Pembeni mwa goti lake, mahali palipokuwa baridi muda wote ule, joto lilikuwa likipanda taratibu, likaenea hadi likamgusa paja, kama mtu anayeketi karibu na mwenzake bila kusema kitu.

Machozi aliyoyaahirisha tangu mazishi yakamtoka. Treni ya jioni ya kurudi Seoul iliondoka bila yeye. Joto lilibaki pale ubavuni, na Geum-hui hakusogea.