Kuku Aliyekataa Kukaa

Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya kapu lenye balbu tatu zilizoungua, za kujaribia badala ya mayai, anamsihi kuku kwa upole ambao hakuna mteja aliyewahi kuupata kwake katika miaka arobaini ya kushona nguo.

"Kalia kidogo tu. Jaribu. Isipokupendeza, si utasimama?"

Kuku alizitazama balbu kwa jicho la kulia, akageuza shingo akazitazama kwa la kushoto, kisha akatoka zake kwenda kutembelea majirani. Hiyo ndiyo sababu aliitwa Diwani. Marehemu mke wa fundi ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa hapakuwa na nyumba mtaani asiyoingia wala ugomvi asiousikiliza, lakini kwake mwenyewe hakuonekana ila wakati wa kula.

Diwani alikuwa kishingo: shingo nyekundu, tupu, bila unyoya hata mmoja, kama mtu aliyevaa koti akasahau shati. Nyanya wa nyanya yake aliingia katika ua huu siku ile ile mke wa fundi alipoingia akiwa bibi harusi, mmoja kwa gari, mwingine kwa kapu, na tangu siku hiyo mbegu haikukatika. Mwaka huu kideri kilipita mtaani kikafagia mabanda yote. Kwa fundi walisalimika wawili, Diwani na jogoo mzee. Jogoo naye akagongwa na mkokoteni wa maji akiwa katikati ya njia, anautaka wapigane. Baada ya msiba huo Diwani, akiwa bado na mbegu ya jogoo, alitaga mayai kumi na moja, akafunga duka. Umri ulikuwa umekwenda, na hakuna aliyetegemea kwamba angetaga tena.

Basi mbegu yote ya kuku wa marehemu ilikuwa ndani ya bakuli juu ya kabati: mayai kumi na moja, kila moja limeandikwa siku yake kwa chaki ya kukatia nguo. Yai la kuangua husubiri wiki mbili hivi. Likizidi hapo ni la kukaanga. La kwanza lilikuwa limetimiza siku ya kumi na tatu. Kuku mwingine wa kuyalalia hakuwepo mtaa mzima, na mwenye mashine ya kutotolea vifaranga alisema haiwashi kwa chini ya trei tatu. Alibaki Diwani, na Diwani hakuwahi kuatamia maishani mwake. Enzi za marehemu alikuwa akitaga na kuondoka, watoto wakalelewa na wenzake.

Ushauri haukukosekana. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alisema mahindi yalowekwe kwenye pombe, eti kuku akilewa hutulia. Fundi akaloweka. Diwani akala, akapigana na ndoo mpaka ndoo ikashindwa, akapanda juu ya paa la kinyozi na kuwika kama dume, wateja wawili wakatoka nje kumshangaa na nusu ya vichwa vyao haijanyolewa. Mwingine akasema kuku anataka giza. Fundi akalifunika kapu kwa bitana ya suti, bitana nzuri ya kuteleza, na kila robo saa akaifunua achungulie. Kila alipofunua alikuta balbu zimekaa vizuri kabisa, bila kuku.

Asubuhi ya siku ya kumi na nne aliingia shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekaa nyumba ya nyuma. Hodi yake ilikuwa ni kukohoa akiwa tayari ndani. Alikuwa na pazia begani, akataka lishonwe pindo.

"Cherehani mbovu," fundi akasema.

"Imekufa lini, shemeji, na sisi wafiwa hatukuletewa habari?"

Haikuwa mbovu. Ilikuwa imefunikwa shuka tangu mazishi, mwaka mzima na miezi miwili, na fundi alikuwa akiipita kama mtu anayempita mwenzake waliyegombana naye. Kando yake kulikuwa bado na kigoda cha mkewe, alichokalia akitia vifungo. Kukaa pale ilikuwa lazima ukitazame.

Shemeji hakubishana. Alilivuta lile shuka, vumbi likaruka, wote wawili wakapiga chafya.

"Dada yangu alikufa," alisema, safari hii taratibu. "Cherehani haikufa. Kaa."

Fundi akakaa. Uzi ulipita tundu la sindano mara ya nne. Mguu ukakanyaga, gurudumu likazunguka, na ile cherehani kuukuu ikaanza kusema kama ilivyosema siku zote, chini chini, kwo, kwo, kwo, mlio wa kuku anayeatamia, sakafu nayo ikitetemeka kidogo.

Hajamaliza hata upande mmoja, Diwani akatokea mlangoni. Akasikiliza. Akapita kati ya miguu ya shemeji, akaingia chini ya cherehani, akapanda fungu la vipande vya nguo kando ya kanyagio, akazunguka mara mbili, akajishusha.

Kwa mshangao fundi aliacha kukanyaga. Diwani akasimama. Fundi akakanyaga. Diwani akakaa.

"Mayai," fundi akanong'ona. "Lete mayai, shemeji, na tafadhali usipige chafya tena."

Shemeji alitambaa kwa magoti akiyasukuma moja moja chini ya manyoya. Alidonolewa mara tano. La sita hakudonolewa, na la mwisho Diwani alilivuta mwenyewe kwa mdomo.

Ndivyo fundi alivyorudi kazini. Pazia lile lilipata pindo pande zote nne, kisha pindo juu ya pindo, hata jioni lingeweza kufungia fahali. Usiku giza lilimshika Diwani lenyewe, lakini kukicha ilikuwa zamu ya mguu. Fundi alikula akikanyaga, akanywa chai akikanyaga. Mara moja kwa siku Diwani alitoka kula na kunywa, dakika kumi, na dakika hizo hizo fundi naye alikwenda haja. Wakapishana mlangoni kama walinzi wanaobadilishana lindo.

Kinyozi alikuja kuchungulia.

"Nasikia mnaatamia."

"Mimi nakanyaga tu. Anayeatamia ni mwenzangu."

"Sawa. Akitoka kifaranga mwenye upara na miwani, sisi hatutauliza."

Alicheka mpaka akashika ukuta, ila kesho yake alileta shuka sita za kunyolea zilizochanika. Wengine wakamfuata, huyu na suruali, yule na gunia. Siku ya kumi ya kuatamia, shemeji aliyamulika mayai kwa tochi: mawili yalikuwa viza, tisa yana mishipa. Fundi aliiona ile mishipa, myembamba kuliko uzi wowote aliowahi kuutia sindanoni. Jioni hiyo, katika kazi ya shati, alijikuta amekivuta kigoda akawekea vifungo juu yake.

Siku ya ishirini, mchana, mkanda wa cherehani ukakatika.

Gurudumu likazunguka kidogo peke yake, likasimama. Fundi aliendelea kukanyaga, lakini kanyagio bila mkanda lilikuwa bubu. Chini yake Diwani alinyanyuka. Akatoka hatua moja. Akatazama mlangoni, kule kwenye majirani na ugomvi wao, wiki tatu bila habari.

Shemeji alikuwa amesimama pale pale mlangoni na sahani mkononi. Akajitanua ajaze njia yote.

Fundi alifungua kinywa. "Kwo," alisema, mzee mzima. "Kwo, kwo." Ilitoka mbaya, imekauka, haifanani na kitu chochote chenye mbawa. Diwani hata hakugeuka.

Ndipo kutoka kwenye vile vipande vya nguo kikaja kilio chembamba, cha kitu kilichofungiwa ndani. Kikanyamaza. Kikarudia.

Diwani aliinamisha ile shingo yake tupu. Alisimama hivyo muda mrefu, na shemeji hakutikisa hata sahani. Kisha kooni mwake kikaanza kitu ambacho ua ule haukuwahi kukisikia kutoka kwake, kwo, kwo, kwo, cha chini chini, na kwa sauti hiyo akarudi hatua yake moja, akafungua mbawa, akajishusha.

Fundi alibaki ameinua mguu juu ya kanyagio, haushushi, haurudishi, na chini ya meza sauti ile ikiendelea.