Jeneza la Suti

Donat, mtoto wa kwanza wa Ngosa, alikuwa akichimba shaba kwa mikono pamoja na vijana wenzake nje ya Lubumbashi. Mvua zilipolegeza udongo, shimo likajifunga nao wakiwa ndani. Hawakutolewa. Familia ilingoja hadi ikachoka kungoja. Mwishowe wajomba wakanunua jeneza, wakalaza ndani yake suti aliyoivaa Donat kwenye ndoa ya dada yake, wakaizika. Jeneza lilikuwa jepesi mno, hata waliolibeba wakajikuta wanakwenda mbio bila kutaka.

Tangu siku hiyo Ngosa hakulia. Alifagia, alipika, aliitika salamu. Majirani zake wa Kenya, mtaa wao wa Lubumbashi, walisema Mungu amemtia nguvu. Mwenyewe alijua si nguvu. Ilikuwa kama ganzi ya kung'olewa jino: unagusa shavu, na shavu si lako.

Ngosa alikuwa katekista. Padri alimwambia apumzike, akakataa, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na la kufanya. Basi Jumamosi Kuu asubuhi alisimama mbele ya watu wazima waliokuwa wabatizwe kesho yake, akawapa somo la mwisho.

Aliwaambia kwamba Pasaka ilianza kwa Wayahudi, na maana yake ni kupita. Walikuwa watumwa kule Misri. Walipaka damu ya mwana-kondoo kwenye miimo ya milango, na kifo kikazipita nyumba zao. Yesu aliuawa wakati wa sikukuu hiyohiyo, ndiyo maana Wakristo wakamwita Mwana-kondoo. Tarehe ya Pasaka hufuata mwezi wa angani, kwa hiyo huhamahama. Ulaya huangukia wakati wa maua.

"Kwetu inakutana na mwisho wa mvua," alisema, na hilo neno mvua likamtoka bila uzito wowote.

Bwalya, mama muuza makaa, alinyoosha mkono, akauliza kwa Kiswahili cha Lubumbashi.

"Mama Ngosa, bale banamuke balienda ku kaburi asubuhi, balikuwa banaamini kama atafufuka?"

"Hapana. Balienda kupaka maiti mafuta. Balikuta kaburi iko wazi."

"Basi balifurahi."

"Hapana. Balifikiri bamemuiba. Maria wa Magdala alibakia pale analia, sababu mwili haiko. Alitaka tu bamuonyeshe kwenye bamemuweka."

Wanafunzi wake wote walikuwa kwenye maziko yale. Walijua kilicholala chini ya msalaba wa Donat.

"Mimi sisikii kitu," Ngosa alisema, kwa sauti ileile ya kufundishia. "Nabafundisha, lakini ndani hamuna kitu. Kesho padri atauliza kama munasadiki. Mimi sijue nitaitika namna gani."

"Utasimama karibu yangu, mama," Bwalya akajibu. "Kama sauti inakatala kutoka, acha. Mimi nitaitika na nguvu."

Jumapili kanisa lilifurika, ngoma zikalia, vitenge vipya vikanuka duka. Padri alipouliza kuhusu ufufuko wa wafu, Bwalya alipiga kelele ya "Nasadiki!" hadi watoto wakacheka. Ngosa, mama yake wa ubatizo, alikuwa amemwekea mkono begani. Alifungua kinywa, hakikutoka kitu. Maji yakamwagika juu ya Bwalya, mengine yakaingia kwenye mkono wa blauzi ya Ngosa. Hakuyafuta.

Baadaye Bwalya alimvuta hadi kwake, akamwekea ugali wa bukari na sombe, mboga ya majani ya muhogo.

"Juma hii twende kule kwenye shimo," alisema. "Haiko ku makaburi. Kule kwenye Donat iko."

"Kufanya nini?"

"Kumusalimia."

Ngosa alitafuna, akameza. "Twende."

Juma hilohilo wakaenda machimboni, wakakuta mahali pale pamesawazishwa, majani yameanza kuota. Hapakuonekana hata mdomo wa shimo. Ngosa alivua viatu, akamwita mwanawe kwa jina lake, kisha akamweleza kwamba dada yake ni mjamzito, kwamba suti wameizika na awasamehe wajomba. Alisema mengi ya nyumbani, ya kawaida. Machozi hayakuja. Bwalya alikaa kando, akachokonoa udongo kwa kijiti hadi ulipofika wakati wa kutafuta basi.

Jirani alipomuuliza alikotoka, na viatu vyekundu vile kwa udongo, Ngosa alijibu, "Nilienda kuona mutoto wangu," akaingia ndani kuwasha moto.