Msimamizi Hana Saa

Walimvika kilemba cha ukoka wakamwita Msimamizi. Alimsimamia nani? Kiti alichokalia, basi. Kazi yake ilibaki ileile: kukaa chumbani kwake na hedifoni kichwani, mbele ya kompyuta ya kampuni, akiwajibu wateja ambao friji zao hazigandishi. Ila baada ya cheo kile, saa kumi na moja, ambayo kwenye mkataba ndiyo mwisho wa kazi, ikawa hadithi tu.

"Wasimamizi hawahesabiwi saa," meneja alimwambia kwenye kikao cha video, wenzake wote wakisikia. "Unalipwa mshahara, wewe si kibarua. Halafu uko nyumbani, dada. Mtu nyumbani kwake anachoka nini?"

Wenzake wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaolinda unga wao. Naye akacheka pamoja nao, na kicheko hicho kinamuuma mpaka leo.

Upande wa pili wa ukuta aliishi baba yake. Mzee huyo alikuwa dalali wa mnada, mtu aliyeweza kuuza kabati lisilo na mlango na mnunuzi akaenda zake akimshukuru. Kiharusi kilipompiga kilimwachia miguu, kikamchukulia maneno. Alibaki na "aa" na "ee" na machozi ya hasira. Mtaalamu wa matamshi hakuwaficha kitu: "Maneno yake hayajafa, yamelala. Miezi hii ya mwanzo kaeni naye, mzungumze naye kila siku, taratibu, mambo anayoyapenda. Baadaye mtakuwa mmechelewa."

Shangazi mtu alikuja kila siku kumpikia kaka yake na kumfulia, lakini alikuwa mtu wa kusalimia na kunyamaza. Kazi ya maneno akaichukua binti. "Kila nikitoka kazini, baba," alimwahidi, "tutaongea mpaka unichoke."

Kutoka kazini kwenyewe kulikuwa kufungua mlango tu. Mlango haukufunguka. Ikifika saa kumi na moja meneja huja na "dakika moja tu, Msimamizi," na dakika hiyo huzaa wateja mpaka mzee ameshakula na kulala. Jumamosi ikaliwa, ikafuata Jumapili. Siku moja mzee alisukuma mlango katikati ya kikao, akaingia akiita, "Aa, aa." Meneja akakunja uso. "Huyo mtu hana pa kukaa? Hii ni ofisi." Tangu hapo binti akawa anajifungia. Aliogopa kumwaga unga, maana dawa za mzee zilitoka humohumo.

Mzee akahamishia kiti chake kwenye ujia, nje ya mlango ule uliofungwa, akawa anashinda hapo.

"Anapenda upepo wa hapo," shangazi alisema. Binti akaamini. Mtu aliyechoka huamini lolote linalompa nafuu.

Aliyemzindua ni binamu yake, karani wa ofisi ya kazi, ile ya serikali inayopokea malalamiko ya wafanyakazi. "Unaajiri? Unafukuza? Una hata mtu mmoja chini yako?"

"Sina hata paka."

"Basi wewe si msimamizi, umepewa jina tu. Na mshahara wa mwezi unanunua saa zilizo kwenye mkataba, haununui maisha yako. Leta malalamiko tuyafungulie faili."

Alichelewa kuamua. Alipima, akaahirisha, akapima tena, na miezi ikapita. Hatimaye jioni moja, meneja alipoanza na dakika yake, alimkatiza: "Muda wangu umeisha, bosi. Malalamiko yangu yako ofisi ya kazi." Akavua hedifoni. Akafungua mlango.

Mzee alikuwa pale kitini. Alipomwona, uso ukachangamka, akajiweka sawa, na maneno yakatoka yamenyooka, hayana kigugumizi:

"Asante kwa kutupigia. Samahani kwa usumbufu uliojitokeza."

Binti alicheka kwa furaha, akapiga magoti mbele yake. "Baba, umeongea. Niite basi. Mimi ni nani?"

Mzee akatafuta. Alimtazama kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, midomo ikicheza.

"Mpendwa mteja," akasema.

Ndipo alipoelewa. Baba yake alikuwa akijifunza kusema, tena kwa bidii, siku nenda siku rudi ametega sikio mlangoni, na mwalimu alikuwa yeye binti. Hata sauti ilikuwa yake, ile laini ya kazini ambayo hakuwahi kumpa mtu wa nyumbani. Alilaza kichwa mapajani kwa mzee akalia.

Kampuni iliamriwa kuheshimu saa zake. Haki aliipata, na aliistahili. Lakini mtaalamu wa matamshi alipomsikiliza mzee tena, alitikisa kichwa: yaliyorudi ndiyo hayo, mengine wasiyategemee. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa kila jioni hukaa wawili sebuleni. Binti humsimulia minada, makabati, marehemu mama. Mzee huitikia kwa kichwa, na akimwona mwanawe ameinama kwa uchovu humgusa bega na kumuuliza:

"Je, kuna lingine tukusaidie?"

Kazini, mteja akisema hapana, simu hukatwa. Binti hajawahi kumjibu hapana.

"Lipo, baba."

"Tafadhali subiri," mzee husema, akamshika mkono, nao wakasubiri.