Shati la Kumsalimia Mkwe

Mama yangu alikuwa mtu wa mwisho mtaani kuleta gari lake kwenye gereji ya mume wangu. Aliendesha mabasi ya abiria tangu sijazaliwa mpaka alipostaafu, watu wote wanamwita Mama Gia, na anaamini hakuna fundi anayelijua gari kuliko anayelikalia kila siku. Lakini breki za mbele zilikuwa zinapiga kelele, akasalimu amri. Akaliacha gari asubuhi, akaenda kumwona jirani yetu aliyejifungua, akaonya kwamba akirudi alikute tayari.

Mume wangu ana mdomo mrefu kwa kila mteja, ila kwa mkwewe ulimi unaingia mfukoni. Siku hiyo hakuimba, hakupiga soga. Alibadilisha pedi za breki, akarudisha magurudumu, akakaza nati kwa vidole, akashusha jeki. Ndivyo mafundi wanavyofanya: gurudumu likiwa hewani linazunguka, kwa hiyo nati zinakazwa kwa nguvu gari likishakanyaga ardhi. Akakaza la kulia. Akachukua spana aende la kushoto, akainua macho, akamwona mama anaingia getini.

Mume wangu alikuwa kifua wazi, grisi imemjaa mpaka kitovuni. Atamsalimiaje mkwe vile? Akadondosha spana, akakimbilia nyuma ya banda kunawa na kutafuta shati.

"Limekwisha?" mama akaniuliza.

Nilikuwa kaunta, nauza vipuri. Nikachungulia: gari limesimama kwa miguu yake minne, jeki imewekwa pembeni. "Limekwisha, mama," nikasema, nikampa ufunguo. Akaondoka bila kumngoja mtu, kama kawaida yake.

Mume wangu akatokea ananukia sabuni, anafunga kifungo cha shingoni, tabasamu limeshaandaliwa. "Shikamoo ma..." Akatazama mahali gari lilipokuwa. Akatazama spana pale chini.

"Liko wapi?"

"Ameondoka nalo."

Nimeshamwona mtu huyu akiangukiwa na gia boksi mguuni, akatukana, akacheka. Sasa hakutukana. "La kushoto sijakaza," akasema.

Nikapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena huku nikijua napoteza muda, kwa sababu mama husema simu na usukani ni wake wenza, ukimhudumia mmoja mwingine atakuua. Barabara ya kwake inaanza tambarare, kisha kuna kona, kisha mteremko wa machimbo ya mawe. Upande mmoja wa mteremko ni mwamba. Upande wa pili hakuna kitu, ni shimo tu.

Gari pekee lililoweza kutembea pale gereji lilikuwa pikapu ya muuza mbao. Stata yake imekufa, ikizimika haiwaki mpaka isukumwe. Tena waya wa honi ulikuwa umechubuka ndani ya usukani, kila ukikata kulia honi inalia yenyewe. Tukaisukuma, ikakohoa, ikashika. Mume wangu akaokota spana, tukarukia ndani.

"Umeenda kuvaa shati!" nilimfokea. "Mama yangu yuko barabarani na gurudumu la vidole, wewe umeenda kuvaa shati!"

"Na wewe umempa ufunguo bila kuniuliza."

Hilo lilinichoma kwa sababu ni kweli, nikazidi kumfokea.

Tulipita soko, tukapita kituo cha mafuta. Baada ya pale nikaona kitu kinang'aa katikati ya barabara. Nati ya gurudumu. Mume wangu akaikwepa kwa kukata kulia, honi ikapiga yowe, nami nikaanza kulia pamoja nayo.

Ndipo tukaliona gari la mama, mbele kidogo ya lori la mchanga. Gurudumu la kushoto lilikuwa linacheza. Nililiona kwa macho yangu, linayumba ndani, nje, ndani, nje. Tukakata kulia kulipita lori, honi ikalia. Nikatoa mkono dirishani, nikapunga, nikapiga kelele mpaka koo likakwaruza.

Mama akaongeza mwendo.

"Anatuona!" nikasema. "Kwa nini hasimami?"

"Anaona pikapu ya mbao inamfukuza kwa honi," akasema mume wangu. "Wewe mama yako unamjua au humjui?"

Nilimjua. Katika miaka yake yote ya basi, hakuna dereva aliyemharakisha kwa honi akafurahia. Ukimpigia honi, anakuonyesha vumbi. Na sisi kila tukimkaribia barabara ilipinda kulia, honi ikalia, naye akakanyaga zaidi. Nikaelewa kwamba sisi ndio tuliokuwa tunamsukuma kwenye shimo.

"Punguza," nikasema.

"Nini?"

"Mwache. Punguza mwendo!"

"Kona ile pale! Baada ya kona ni mteremko!"

"Tukimfuata anakwenda mbio. Tukimwacha atatulia, akitulia atasikia gari lake. Punguza, nakuomba!"

Akanitazama. Kisha akaondoa mguu kwenye mafuta. Pikapu ikanywea. Gari la mama likawa dogo, likawa dogo zaidi, likafika kwenye kona, likapotea nyuma ya mwamba. Mimi ndiye niliyesema aachwe. Kama kungetokea kishindo, ningekisikia nikiwa nimekaa, nimefunga mkanda wangu vizuri. Nilishika paja la mume wangu nikalifinya, naye hakulalamika.

Hatukusikia kitu. Kutosikia kulinitisha vilevile.

Tukakata kona polepole. Gari la mama lilikuwa limesimama pembeni, pale mteremko unapoanza, limeinamia kushoto. Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya gurudumu, gauni amelikusanya magotini. Mume wangu akasimamisha pikapu, ikazimika hapohapo, hakuna aliyejali.

"Kumbe ni ninyi!" mama akasema. "Mnanipigia honi kama mnafukuza mwizi! Nimesikia linagonga baada ya makelele yenu kuisha." Akasimama. "Nati zimebaki mbili. Nani amefunga gurudumu hili?"

Nilishafungua mdomo. Nilikuwa na vibaka tayari, wezi wa nati waliopita gereji, uongo mzuri kabisa.

"Mimi, mama," akasema mume wangu. "Sikumaliza kukaza. Nilikuona unakuja, nikaenda kuvaa shati nikusalimie kwa heshima."

Mama akalitazama lile shati, limefungwa mpaka shingoni, limelowa jasho.

"Kwa hiyo ningezikwa kwa heshima," akasema.

"Nisamehe, mama."

"Siku nyingine nisalimie hata na kaptula iliyotoboka. Ila nati uwe umekaza."

Mimi ndiye niliyecheka, kicheko kibaya, cha mtu aliyekuwa analia. Wao hawakucheka. Mume wangu akapiga magoti kwenye changarawe na lile shati lake safi. Akatoa nati moja moja kwenye magurudumu mengine matatu, akazitia hapo. Akakaza kwa spana, akasimama juu ya mpini kwa uzito wake wote, nati baada ya nati, kisha akarudia zote. Mama alikuwa amemsimamia, anahesabu kwa midomo.

"Tayari," akasema mume wangu, akajifuta.

Mama akaingia nyuma ya usukani. Tukangoja injini iwake. Haikuwaka. Nikasogea dirishani, nikaona ufunguo unagonga pembeni ya tundu, unateleza, unagonga tena. Mama akaushika kwa mikono miwili. Ukateleza tena.

Akautazama mteremko mbele yake. Kisha akafungua mlango, akazunguka gari lake mwenyewe, akamwekea mume wangu ufunguo kiganjani, akaenda kukaa upande wa abiria, mahali ambapo sijawahi kumwona amekaa.

"Twende," akamwambia, akavuta mkanda. "Taratibu."